Giza siyo adui yetu: hotuba niliyoitoa Kigoma, nawawekea yote mliokosa kufika

Mmenijazia meseji mkiulizia hotuba ya juzi, basi hii hapa yote kama nilivyoiongea, picha za kwenye projekta nimeziacha maana bila maneno haya hazina kazi.

Shikamooni wazee wangu. Vijana hamjambo? Asalaam aleikum kwa ndugu zangu Waislamu, Bwana asifiwe kwa ndugu zangu Wakristo, na nyie mliosimama kule mlangoni sogeeni jamani, viti vipo huku mbele, msiogope kukaa karibu na wazee.

Nianze na swali. Ukifumba macho hapo ulipo ukaambiwa fikiria giza, kitu gani cha kwanza kinakujia? Kabla hatujaanza niliwauliza vijana watatu wanne pale nje na majibu yalikuwa hayo hayo: wezi, wachawi, nyoka, kukatika umeme, kifo. Hakuna hata mmoja aliyetaja kitu kizuri. Na siwalaumu, sisi wote tumelelewa hivyo, mtu hajasoma tunasema yupo gizani, mtu kaokoka tunasema katoka gizani, kijiji hakina nguzo za umeme tunakiita kijiji cha giza, yaani kila kibaya tumekitupia huko. Mimi leo nimekuja kulitetea giza. Nalitetea kabisa, na ninamaanisha.

Ngoja niwakumbushe jambo lililotokea hapa hapa jirani. Novemba 1871 Henry Morton Stanley alifika Ujiji akamkuta Livingstone, hiyo mnaijua wote, kumbukumbu yao ipo pale na miembe ipo. Miaka michache baadae akarudi tena Afrika, akavuka bara zima kutoka bahari ya mashariki hadi bahari ya magharibi, na mwaka 1878 akatoa kitabu ambacho jina lake linaliita bara letu bara la giza. Bara la giza! Nauliza, giza la nani? Ujiji aliyoikuta ilikuwa na soko, ilikuwa na watu wa Unyamwezi, watu wa Pwani, Waarabu, watu wa ng'ambo kule Kongo, chumvi inatoka Uvinza, mawese yanauzwa, samaki wanauzwa, pembe zinapita, na watumwa pia walipita, hilo tusilifiche maana ni historia yetu na inauma. Ila watu walijua njia ya kwenda Pwani na kurudi, walijua nani anauza nini na mvua inanyesha lini. Asiyejua ni mgeni. Giza lilikuwa kwenye ramani yake yeye, akalichukua akatuvika sisi, na baada ya hapo wakaja wengine wanasema tunawaletea mwanga, na mwanga wenyewe ulikuja na kodi na viboko. Kwahiyo ukisikia mtu anakuita wa gizani, jiulize kwanza ni yeye haoni au ni wewe.

Sasa nani hapa amewahi kukesha ziwani? Nyoosheni mikono juu. Haya, watu wa Kibirizi nawaona, watu wa Katonga nawaona, na yule mzee pale pembeni mikono yote miwili, asante mzee wangu, leo utanisahihisha nikikosea.

Wasiojua niwaeleze. Dagaa mchana wanashuka chini, na ziwa letu Tanganyika siyo dimbwi, linafika mita 1,470 kwenda chini, ni la pili duniani kwa kina. Usiku ukiingia vile vijidudu vidogo vidogo ambavyo dagaa wanakula vinapanda juu, na dagaa wanapanda kuvifuata. Hapo ndipo wavuvi wanakwenda, mitumbwi miwili imefungwa pamoja kwa miti, wavu upo chini katikati, wanawasha taa wanasubiri. Zamani sana ilikuwa mioto ya matete na kuni mbele ya mtumbwi, miaka ya 1950 zikaanza kuingia karabai, zile taa za mafuta ya taa, unapiga pampu mpaka mkono unauma na inavuma usiku kucha pembeni ya sikio lako, siku hizi ni taa za LED na betri, wengine wanachajia kwa sola. Dagaa wanajikusanya chini ya taa, wanazunguka, wanazunguka, mpaka maji yanameta, alafu wavu unainuliwa polepole kwa mikono, watu wanavuta kwa pamoja na hakuna anayeongea sana wakati huo.

Ukisimama juu huku mjini usiku ukaangalia ziwa unaona taa zimejipanga kama mji mwingine umehamia majini.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo kwenye hoja yangu. Ile taa inavuta dagaa kwa sababu gani? Kwa sababu pembeni yake kuna giza! Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, mwanga umesambaa ziwa zima, dagaa hana sababu ya kuifuata taa yako, anayo nyingine kubwa zaidi huko juu. Ndio maana mbalamwezi wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, hesabu zinapigwa na tajiri mwenye mitumbwi, anayeenda kumuona mama yake kijijini anaenda. Alafu giza likiingia, yaani zile siku za mwezi ambazo usiku hauna mbalamwezi, kazi inaanza upya. Nendeni mkaulize mialoni, kule mitumbwi inakofikia. Mama kakopa unga dukani, muuza duka anamuuliza utalipa lini, anajibu giza likiingia. Na muuza duka anaelewa, anaandika kwenye daftari. Kwa hao watu giza ni mshahara, ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni mahari. Sisi tunaokula dagaa wa Kigoma, na nchi nzima inawasifia, tunakula matunda ya giza, hata wale wanaoanikwa juani pale mchangani walivuliwa usiku.

Mnakumbuka mwaka 2024? Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ziwa lilifungwa samaki wapate kuzaliana, nchi zinazolizunguka zilikubaliana. Mimi naona lilikuwa jambo la lazima, samaki walishapungua na kila mzee wa hapa anajua. Lakini mnakumbuka usiku ulivyokuwa? Unatoka nje unaangalia kule, taa za wavuvi hakuna, wiki inapita hakuna, giza linaingia na kutoka na hakuna anayelipwa. Kilichotuumiza wakati ule siyo giza, giza lilikuwa lile lile la siku zote, kilichotuumiza ni kwamba giza limekuja na watu wetu hawamo ndani yake.

Kwahiyo nikisema nalitetea giza siongei mashairi, naongea kuhusu watu wanaokula kupitia giza.

Jambo lingine hili nalipitia haraka. Sisi Waswahili siku yetu inaanzia wapi? Leo Alhamisi, jua likishazama tunasema usiku wa Ijumaa, au usiku wa kuamkia Ijumaa. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Na siyo Waislamu peke yao, ndugu zangu Wakristo fungueni Mwanzo sura ya kwanza, ikawa jioni, ikawa asubuhi, siku moja. Jioni kwanza! Na mambo makubwa ya dini zetu yapo usiku. Lailatul Qadri ni usiku, na Kurani inasema ni bora kuliko miezi elfu moja. Mkesha wa Pasaka ni usiku, mkesha wa mwaka mpya makanisani ni usiku. Mwezi wa Ramadhani unaandamiwa magharibi, watu wapo juu ya mapaa wanatazama. Kama usiku ungekuwa wa shetani peke yake, haya yote yangewekwa huko kweli?

Sasa tuje kwenye hofu. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Wengi wetu tumekua na miiko ya usiku. Usipige mluzi usiku, unaita nyoka. Na nyoka mwenyewe usimtaje, sema kamba. Usifagie usiku, unafagia baraka. Usikate kucha. Dukani ukienda kuomba sindano saa mbili usiku, muuza duka anakwambia hakuna wakati boksi lipo nyuma yake, na chumvi hutaji, unasema nipe kile cha kutilia kwenye mboga. Na hadithi ukitaka usimuliwe mchana unaambiwa utaota mkia, subiri usiku, bibi amalize kazi, hadithi hadithi, hadithi njoo.

Mimi miiko hii siichekei hata kidogo. Ukiitazama, mingi inalinda. Sindano ikianguka usiku kwenye mwanga wa koroboi utaiona saa ngapi, na mtoto anatambaa? Ukifagia gizani unafagia na hereni, unafagia na shilingi iliyoanguka. Na ule wa hadithi, naona ni ujanja mkubwa wa wazee wetu, mchana kuna shamba na mifugo, wakasema hadithi ni za usiku, na hapo hapo wakawapa watoto sababu ya kuusubiri usiku kwa hamu badala ya kuuogopa. Yaani waliufanya usiku uwe na kitu chake. Leo mtoto anasubiri nini usiku? Simu.

Lakini kuna hofu nyingine, na hii lazima tuiseme. Hofu haikai hewani. Ikishazidi inatafuta mtu wa kumkalia.

Mwaka 1995 huko Pemba na Unguja kulizuka habari za popobawa, kwamba kuna kiumbe kinaingia ndani usiku kinawavamia watu wamelala. Habari ikatoka Pemba ikavuka Unguja mpaka ikafika Dar. Watu walikuwa hawalali ndani, wanalala nje kwa makundi, wamekoka moto, wanaume na wanawake na watoto, usiku kucha wanasubiri. Mwaka ule ndio ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, visiwa vimejaa wasiwasi, jirani haongei na jirani, na mjue Pemba habari hizi zilishawahi kusikika huko nyuma, miaka ya baada ya mapinduzi. Nauliza tu, wasiwasi wa mchana ulienda wapi usiku? Na mwisho wake nini? Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alishukiwa kuwa ndiye, watu wakamuua. Binadamu, mgonjwa, ana mama yake mahali. Popobawa hakukamatwa, aliyekufa ni mtu.

Na tusiwanyooshee vidole wa visiwani. Huku bara, Usukumani na kwingine, bibi zetu wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Macho mekundu! Mnajua macho yale yanatoka wapi? Mwanamke amepika miaka hamsini kwenye jiko la kuni, huko kwenye ng'ombe wengi na kuni chache wanawasha hata samadi, nyumba haina dirisha, moshi wote unapita machoni kwake, ndio ulitulea moshi ule, chakula chote tulichokula kilipita kwenye macho yale. Alafu akizeeka tunasema huyu mwanga, yaani mchawi, huyu anatembea usiku, na wengine wanaosema hivyo nyuma ya pazia wanalitaka shamba lake. Nilikulia karibu na bibi mmoja, halali usingizi vizuri kama wazee wengi, usiku anatoka nje anakaa kwenye kigoda chake anakoroga moto, basi. Watoto tulikatazwa kupita pale. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mama, mbona hulali, miguu inakuuma? Hakuna. Aliogopwa mpaka anakufa, na kosa lake lilikuwa kukosa usingizi.

Ndugu zangu, hilo giza siyo la usiku. Hilo ni letu. Usiku umesingiziwa!

(Hapa wazee walipiga makofi nikanyamaza kidogo.)

Naomba mnielewe vizuri, sisemi usiku hauna hatari. Upo na hatari za kweli na tunazijua. Mbu wa malaria anauma zaidi usiku, kwahiyo ingia kwenye chandarua, hilo halina mjadala. Dada anatoka stendi saa tatu usiku amebeba mzigo wake, njia haina taa, anatembea anageuka geuka nyuma, huyo haogopi mizimu, anaogopa wanaume, na hilo sisi wanaume tulibebe. Nesi mmoja ninayemfahamu ameshazalisha akina mama mara nyingi tu kituo hakina umeme, tochi ya simu ameing'ata mdomoni ili mikono yote ibaki huru, na chaji inasoma nyekundu. Mtoto anatoka, kitovu kinakatwa, simu inazima. Pale kwenye kitanda cha kujifungulia nataka taa, nataka taa kali, nataka sola na betri ya akiba, na yeyote atakayesema giza ni zuri pale mimi nitamkatalia mbele ya watu.

Lakini tofautisheni. Hatari ni ukosefu wa taa mahali ambapo mtu anahitaji kuona, na ukosefu wa watu wema njiani. Giza lenyewe halijamkaba mtu.

Tazameni mabasi. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Miaka ya 1990 mabasi yalizuiwa kutembea usiku kwa sababu ya ajali na ujambazi, kwahiyo sisi wa Kigoma tulikuwa tunalala njiani, mama na watoto wamejikunja kwenye siti, au wametandika kanga chini stendi ya mji wasioujua. Usalama huo! Mwaka 2023 serikali ikaruhusu tena safari za usiku, na kilichowezesha siyo kwamba usiku umeondolewa, usiku ni ule ule, ni barabara na usimamizi. Ona sasa pale stendi saa kumi usiku, mama wa chapati yupo, kijana wa kahawa anagonga vikombe, bodaboda wapo, mlinzi yupo, mtu wa mikate ndio anatoa mikate. Hawa wanaishi usiku ili sisi asubuhi tukute chai. Mkipanga mambo ya mji wakumbukeni, mwekeeni taa yule mama wa chapati, wekeni choo kinachofunguliwa usiku, kwani wao siyo wananchi?

Na hapa ndio naingia kwenye sehemu ninayoipenda mno. Ukishaweka taa panapohitajika, kwingine acha giza liwe.

Mwaka 2016 wanasayansi walitoa ramani ya dunia inayoonyesha mwanga wa taa angani usiku. Zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga, na theluthi moja ya binadamu hawawezi kabisa kuiona ile njia nyeupe ya nyota inayokatiza mbingu usiku. Ulaya na Marekani hali ni mbaya zaidi, kuna watu wanazaliwa wanazeeka hawajaiona. Sisi tunayo! Toka nje ya mji kidogo tu usiku wa giza, ipo, bure. Huko fukwe za bahari hindi, kama Mafia na Watamu, watoto wa kasa wanaanguliwa usiku mchangani wanatafuta bahari kwa kufuata upande wenye mwanga, taa za hotelini zikiwaka wanageuka wanaelekea nchi kavu, wanakufa. Taa imewapoteza. Kwahiyo siyo kila mwanga ni wema, wazee wangu.

Na macho yetu wenyewe yameumbiwa giza, ila tumeacha kuyapa nafasi. Ukitoka kwenye taa macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea kikamilifu. Mwanzo huoni kitu, unakata tamaa, unawasha tochi. Usiwashe! Kaa. Baada ya muda unaona njia, unaona mpaka wa miti na mbingu, unaona sura ya aliyekaa karibu yako. Ukiangalia simu mara moja tu, unaanza upya. Wavuvi wanalijua hili bila kufundishwa darasani.

Wazee waliokuwa wanakaa hivyo waliona mambo. Wakulima na mabaharia wa Pwani walikitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, wakaacha msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Manahodha wa majahazi walivuka bahari wakitazama nyota, hawana simu, hawana ramani ya satelaiti, wanafika Uarabuni na wanarudi. Hii elimu ilisomwa gizani! Na waliosoma humo ndio walioitwa watu wa bara la giza.

Sasa naomba kitu kimoja, na hiki ndicho kilichonileta. Kwenye ziwa hili wapo wazee ambao bado wanazijua nyota kwa majina yao ya Kiha, ya Kibembe, ya Kijiji cha kwao, wanajua ipi ikitokea upepo unabadilika na ipi ikifika juu ni saa ya kurudi nchi kavu. Haijaandikwa mahali, au kama imeandikwa siyo sisi tunaoisoma. Vijana nyie mna simu, simu zinarekodi. Giza la mwezi huu likiingia, nendeni mkakae na wazee hao, msiulize maswali mengi kama polisi, kaeni, wakinyoosha kidole tazameni wanapoonyesha, rekodini sauti, alafu zimeni kioo cha simu. Walimu mliopo hapa tutakutana baadae tuone namna ya kuyaandika majina hayo yaingie kwenye daftari za watoto.

Mimi nimemaliza sehemu yangu. Yule mzee wangu wa mikono miwili, naomba kipaza sauti kipelekwe kwake kwanza kabla ya maswali, atuambie kule ziwani akiwa kijana alikuwa anatazama nyota gani ikichomoza wanajua ni saa ya kuinua wavu wa mwisho.